Mbuzi ya nazi ya mota: mosfeti ya tatu imeungua, na simulesheni yasema mambo shwari

KijanaLangoni
Assalaam aleikum wanajamvi. Nina jambo limenitoa jasho wiki tatu sasa. Nisaidieni kabla sijanyanyua mikono.

Mamangu anauza mahamri na mbaazi hapa Langoni, Lamu. Kila alfajiri anakuna nazi kumi na tano hadi ishirini kwa mbuzi ya kukalia, na mgongo umeanza kumgomea. Nikaona nimtengenezee mbuzi ya mota. Mota ni ya feni ya rejeta, volti 12, niliichomoa kwenye gari bovu kule Mokowe, maana huku kisiwani ukitafuta gari bovu utaletewa punda. Kichwa cha kukunia nimekifunga kwenye shafti. Ukiipa betri moja kwa moja inazunguka kama imepandwa na pepo, nazi yote inaishia ukutani.

Kwa hiyo nikaunda saketi ya kupunguza kasi. Kuna 555 (chipu ya kutoa mapigo ya umeme), potenshomita ya 100K, dayodi mbili 1N4148, kapasita ya nanofaradi 1.5, na mosfeti moja IRFZ44N, transista inayowasha na kuzima mota kwa kila pigo. Mapigo yanakuja karibu kilohezi 10. Kutoka mguu wa 3 wa 555 hadi geti, mguu wa mosfeti unaoiamuru, nimeweka rezista ya 10K ya kulinda. Sambamba na mota nimeweka dayodi 1N4007. Betri ni ya sola, iko chini ya ngazi. Jiko letu liko juu kabisa kama nyumba za kale zilivyo, basi waya umepanda mita 5 hivi, wa milimita mraba 2.5.

Kabla sijashika lehemu niliichora yote kwenye simyuleta ya Falstad, programu ya kuigiza saketi, kwa simu. Mapigo yalitoka mraba kama yamekatwa kwa rula, mosfeti haipati joto la kusema. Lakini bodi yenyewe imeshakula IRFZ44N tatu. Ya kwanza ilikufa mota ikizunguka tupu, dakika nne tu. Mbili zilizofuata zilikufa nilipogusisha nazi. Nimekosea wapi?

Kongowea_Umeme
Hitisinki ndogo hiyo (bati la kupoza mosfeti). Weka kubwa, uzi ufungwe.

Punda_Hana_Breki
Mbuzi, nazi, punda, pepo. Nilidhani nimeingia jukwaa la waganga.

MzeeVolti
Kijana, waaleikum salaam. Mosfeti umenunua wapi? Za reja mtaani nyingi ni mabaki yaliyochapwa jina upya. Kama umebakiwa na moja, ipime hivi kabla ya kulaumu saketi: geti ipe volti 12, kisha pitisha mkondo dreni hadi sosi, ile miguu miwili mingine, ukiwa umetanguliza balbu ya taa ya mbele ya gari, ile ya wati 55. Hiyo balbu itaruhusu ampea 4 na nusu hivi, haitazidi. Pima milivolti kati ya dreni na sosi. IRFZ44N halali ina miliohmu 17.5 kikomo ikiwa baridi, kwa hiyo usione zaidi ya 80. Ukiona 200 au 300, umeuziwa jina.

KijanaLangoni
Shukran mzee. Nimebakiwa na mbili kati ya tano. Balbu nimeazima. Ya kwanza inasoma milivolti 62, ya pili 65. Basi ni za kweli?

MzeeVolti
Ni za kweli. Aliyekuuzia mwombee dua.

BintiMalindi
Kaka Langoni, kabla hujaunguza ya nne, nijibu jambo moja. Kwenye simulesheni, mota uliichora vipi?

KijanaLangoni
Rezista ya ohmu 1.2, dada. Nilipima miguu ya mota kwa mita.

BintiMalindi
Nilijua. Na hapo kuna makosa matatu yamekaa kiti kimoja.

La kwanza, ohmu ya mota haipimwi kwa mita ya kawaida. Mita inapitisha mkondo mdogo mno, na brashi za kaboni zilizokaa miaka kwenye gari la pwani zina kutu na vumbi. Unachosoma ni uchafu wa brashi. Shika shafti isizunguke, tanguliza ile balbu ya wati 55, washa, kisha pima ampea zinazopita na volti kwenye miguu ya mota. Gawanya. Rudia shafti ikiwa pembe tofauti mara nne tano, uchukue ndogo kabisa.

La pili, rezista haina kumbukumbu. Mota ina koili, na koili ukiikatia mkondo ghafla haikubali, inasukuma volti hadi mkondo upate njia. Juu ya hapo mota inapozunguka ni jenereta: inatoa volti yake inayopinga betri. Mama akikandamiza nazi kasi inashuka, ile volti inashuka nayo, mkondo unapanda. Ndiyo maana mosfeti zako zinakufa nazi inapogusa.

La tatu ndilo linaloudhi. Mosfeti ya Falstad ina volti ya kuanzia na nguvu yake ya kupitisha, lakini geti yake haina ujazo. Unaweza kuiwekea rezista ya 10K au ya 100K, itafunguka papo hapo vilevile. Ni simyuleta nzuri sana kwa kufundishia, mimi mwenyewe nilijifunzia humo. Ila uliiuliza swali ambalo haina masikio nalo.

KijanaLangoni
Nimepima upya. Ampea 3.8, volti 1.15 kwa pembe iliyo ndogo. Ni ohmu 0.3! Maana yake nazi ikiikwamisha kabisa, volti 12 kugawa 0.3 ni ampea 40. Subhanallah. Mimi nilidhani 10.

BintiMalindi
Ndiyo hiyo. Sasa twende kwenye 10K yako ya "kulinda". Nadhani umezoea transista za kawaida, ambazo beisi huwekewa rezista kubwa. Geti ya mosfeti ni kama kapasita. Haili mkondo ikishajaa, lakini kuijaza na kuimwaga ndiko kunakoamua inafunguka na kufunga upesi kiasi gani.

Karatasi ya maelezo ya IRFZ44N inasema chaji ya kati ya geti na dreni hufika nanokulombi 23. Hiyo ndiyo chaji inayopaswa kuhamishwa wakati mosfeti iko nusu mlango. Wakati huo geti imetulia kama volti 6, na 555 tuseme inatoa 12 kwa wepesi wa hesabu, basi kwenye 10K kuna volti 6, mkondo ni miliampea 0.6. Ishirini na tatu kugawa 0.6 ni mikrosekunde 38. Kufunga nako 38. Jumla 76, na duru yako nzima ya kilohezi 10 ni mikrosekunde 100!

Kwa hiyo robo tatu ya muda mosfeti yako haijafunguka wala haijafunga. Imeshika volti na mkondo pamoja, inafanya kazi ya jiko. Nazi ikivuta ampea 15, hesabu ya haraka inanipa wati zaidi ya 60 ndani ya kipande cha ukubwa wa ukucha. Hitisinki ya Kongowea ingechelewesha mazishi tu.

Kongowea_Umeme
Nimenyamaza.

BintiMalindi
Weka ohmu 47. Mkondo wa geti utakuwa miliampea 128, na NE555 inaweza kutoa 200. Mikrosekunde 38 zinakuwa 0.18. Ile 10K usiitupe, ihamishe kati ya geti na sosi, ili waya wa geti ukikatika mosfeti ifunge badala ya kubahatisha.

Kama una kompyuta, shusha simyuleta ya LTspice. Ni bure, ilizaliwa Linear Technology na sasa iko chini ya Analog Devices. Modeli ya IRFZ44N chukua kwa mtengenezaji, siku hizi ni Infineon baada ya kuinunua International Rectifier 2015. Mota ichore hivi: rezista 0.3, koili ya mikrohenri 200, na chanzo cha volti kinachopinga betri, vyote mfululizo. Mota tupu weka volti 11.5, nazi laini weka 8, nazi imekwama weka sifuri.

Koili hujaipima na huna kifaa, si neno. Jaribu 100, jaribu 400. Jibu lisipogeuka, hiyo namba haikuwa na haja ya kutunyima usingizi.

KijanaLangoni
Laptopu ni ya binamu, nimeishika jioni tu. Kuna kitu sielewi. Nimeweka kila kitu ulivyosema, ile ya geti hadi sosi nikaweka 1M badala ya 10K kwa sababu nilisoma mahali kuwa yatosha. Mota haizunguki hata kidogo. Geti imelala kwenye sifuri.

MzeeVolti
Hahaha! Karibu chamani. Kwa LTspice M ni mili, herufi kubwa au ndogo haibagui. Umeweka rezista ya miliohmu moja, umeifunga geti kwenye sosi kwa nondo. Mega huandikwa Meg. Mimi jambo hilo lilinila usiku mzima mwaka wa kwanza.

KijanaLangoni
Lo! Sasa inaenda. Na nimeona kwa macho. Kwa 10K mstari wa dreni unapanda kama mtu anayepanda mnazi, polepole, anapumzika katikati. Kwa 47 unasimama wima. Nikashika kitufe cha Alt nikabonyeza mosfeti, ikanichorea wati. Nikashika Ctrl nikabonyeza jina la mchoro, ikanipa wastani. Kwa ampea 15 zilikuwa wati 60 na ushei, sasa 3 hivi. Kesho nabadilisha bodini.

*(siku mbili baadaye)*

KijanaLangoni
Ya nne imekwenda.

Mota tupu ilizunguka saa nzima, mosfeti vuguvugu tu, nikashangilia. Mama akaleta nazi. Ya kwanza imekunwa, ya pili imekunwa, ya tatu paa! Na 1N4007 imepasuka katikati. Nimebaki na mosfeti moja, na duka la karibu lenye vitu hivi kwangu ni Mombasa.

Kongowea_Umeme
Naruhusiwa kusema hitisinki?

BintiMalindi
Hapana. Pole kaka, na hii ni makosa yangu, ningekwambia vyote mara moja. Ulipotibu ugonjwa wa kwanza umeamsha wa pili. Mosfeti ilipokuwa ikifunga taratibu ilikuwa ikijichoma yenyewe, lakini haikuwa inashtua waya. Sasa inafunga kwa mikrosekunde 0.2.

Tuanze na dayodi. Mosfeti inapofunga, mkondo wa mota unageukia kwenye dayodi. Kwa nusu kasi na ampea 20 za mota, dayodi inabeba wastani wa ampea 10. 1N4007 imeandikiwa ampea 1, tena ni mzito wa kufunga, imetengenezwa kwa umeme wa ukutani wa hezi 50. Ilipokatika, koili yote ya mota ilimwaga nguvu zake kwenye mosfeti: nusu mara mikrohenri 200 mara ishirini mara ishirini ni milijuli 40 kwa pigo la kwanza, na mengine yanafuata papo hapo. Hiyo haingoji nazi ya nne.

Dayodi utaipata bure. Tafuta pawasaplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa. Kwenye hitisinki ya upande wa kutolea kuna dayodi za Schottky za miguu mitatu, mfano MBR2045CT, ampea 20 volti 45. Unganisha miguu ya pembeni pamoja.

MzeeVolti
Na mimi niongeze la waya, maana naona binti anaharakia. Kijana amesema mita 5 kupanda. Kwenda na kurudi ni 10. Waya wowote ulionyooka una kama mikrohenri moja kwa mita. Kwa hiyo kati ya betri na bodi kuna koili ya mikrohenri 10 ambayo hakuna aliyeichora, si kwa Falstad, si kwa LTspice. Ampea 20 zikikatwa, nusu mara 10 mara 400 ni milijuli 2. Mara elfu kumi kwa sekunde, wati 20. Dayodi ya mota haisaidii hapo, kwa sababu koili hii iko upande wa pili wake. Volti ya dreni inapanda hadi 55 na kitu, mosfeti inavunjika kidogo, inarudi, inavunjika tena. Kijana, chora hiyo koili uone.

KijanaLangoni
Nimechora mikrohenri 10 kwenye waya wa betri. Dreni inaruka hadi volti 60 na zaidi kila pigo! Bila koili hiyo ilikuwa inaishia 13. Yaani waya.

Ami Volti, dawa ni kufupisha waya?

MzeeVolti
Ukiweza. Usipoweza, weka kapasita kubwa pale pale bodini, kati ya mguu wa dayodi ulio upande wa chanya ya betri na sosi ya mosfeti, miguu mifupi. Waya mrefu utakuwa unaijaza kapasita kwa utulivu, na mapigo makali yatazunguka kapasita, mosfeti na mota tu. Kama mtungi jikoni: bomba la kisimani lina kwikwi, wewe unachota mtungini.

BintiMalindi
Mfano mzuri, ila mzee, kapasita moja itachemka. Mkondo unaoingia na kutoka humo kwa kila pigo ni ampea kadhaa. Weka tatu za mikrofaradi 1000 volti 35 sambamba, wagawane. Na moja ya filamu ya mikrofaradi 1 kando yake kwa yale makali zaidi. Na zile waya mbili zisokote pamoja njia nzima, usipitishe moja kushoto mwa ngazi na nyingine kulia.

Fyuzi ya ampea 25 karibu na betri, chini, si juu. Huo waya ukichubuka kwenye ngazi, betri ya sola haitauliza mosfeti. Nyumba zenu zina boriti za mikandaa.

KijanaLangoni
Moja kushoto na nyingine kulia, ndivyo nilivyopitisha haswa. Nilitaka ukuta upendeze.

*(siku tano baadaye)*

KijanaLangoni
Mzigo umefika: basi la Mombasa hadi Mokowe, halafu boti. Schottky nimezitoa kwenye pawasaplai iliyokuwa ikizuia mlango wa fundi mmoja usifungwe na upepo. Mosfeti haifi tena, nazi kumi zimepita, alhamdulillahi.

Lakini kuna kioja. Mama akikandamiza sana, mota inapotaka kukwama, kasi inadondoka ghafla na mosfeti inapata moto wa haraka. Akiachilia inarudi. Simulesheni yangu haina hilo, na mara hii nimechora hadi waya.

BintiMalindi
Pima volti bodini, si kwenye betri, mama akiwa anakandamiza.

KijanaLangoni
7.8. Kwenye betri 12.1.

MzeeVolti
Zimepotea volti 4 njiani. Milimita 2.5 mita 10 ni kama miliohmu 70. Kwa ampea 25 hiyo ni volti 1.75. Zilizobaki ziko kwenye viungo. Angalia vishikizo vya betri, hewa ya chumvi hiyo. Nasema kwa uchungu, niliishi Shela miaka miwili.

BintiMalindi
Na 555 nayo inakula kutoka hapo hapo. Ikipata 7.8, mguu wa 3 unatoa kama volti moja na nusu chini yake, 6.3. Geti ya IRFZ44N kwa ampea 25 ikipewa 6.3 haifunguki sawasawa, umerudi nusu mlango. Ndiyo joto lako. Safisha viungo, kisha ipe 555 akiba yake: dayodi kutoka chanya, kisha mikrofaradi 470 kwenye mguu wa 8. Volti ikidondoka kwa muda mfupi, dayodi inazuia akiba isirudi nyuma.

KijanaLangoni
Kishikizo cha hasi kilikuwa na unga wa kijani kama pistachio ya aiskrimu. Nimekikwangua, nimebana upya, nikapaka grisi. Sasa bodini ni 10.2 akikandamiza. Dayodi na 470 pia nimeweka. Bodi yote nimeipaka rangi ya kucha ya dadangu dhidi ya chumvi, amekasirika, nimemuahidi chupa nyingine.

Leo alfajiri nazi kumi na nane. Mosfeti naishika kwa kidole. Malalamiko ya mama ni moja tu: inapiga mluzi.

Punda_Hana_Breki
Mbuzi inayopiga mluzi. Nilisema mimi ni jukwaa la waganga.

BintiMalindi
Ni kilohezi 10, masikio yanaisikia. Badilisha ile nanofaradi 1.5 uweke pikofaradi 680, itapanda hadi 21 hivi na hakuna atakayesikia isipokuwa paka. Hasara ya kufungua na kufunga itaongezeka maradufu, lakini kwa ohmu 47 maradufu yake bado ni chini ya wati moja.

KijanaLangoni
Nimebadilisha. Kimya. Sasa mama anasema hajui kama imewaka mpaka aguse, na amerudisha mkono haraka mara mbili. Nimeongeza taa ndogo nyekundu.

Kongowea_Umeme
Swali la kweli safari hii. Nina mota ya baiskeli ya volti 36, ya brashi. Saketi hii hii yafaa?

BintiMalindi
Hapana. NE555 mwisho wake ni volti 16, itakufa ukiwasha tu, na mosfeti ya volti 55 kwa betri ya 36 haina nafasi ya kupumua, betri ikijaa inakaribia 42. Fungua uzi mpya, na uje na ohmu ya mota iliyopimwa kwa balbu.